Mwanya wa Unywele Mmoja

Mimi nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe. Nimeambiwa nipoe tangu mwaka themanini na tatu. Walioniambia wengi wao wameshazikwa, na hasira yangu iko palepale nilipoiacha. Kwa hiyo nikisimulia jambo hili mkaona sauti inapanda, iacheni ipande. Msinikatize, na msiniletee maji ya kunywa.

Naitwa Tusekile. Kwetu ni Tukuyu, lakini Ufipa nilikaa miaka saba, kwa sababu mume wangu Asajile alipangiwa kufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari kati ya Sumbawanga na Kaengesa. Shule yenyewe siitaji jina, wasije wakasema nawachafua. Tulipewa nyumba ya mwalimu ya tofali za kuchoma, mlango wa mbele, mlango wa nyuma, na choo cha shimo uani. Jirani yetu wa karibu alikuwa Felisiani, Mfipa wa palepale, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa kanisa, na tena katibu wa tawi la chama. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo huku nimeuma meno, lakini ni kweli. Mwaka tuliohamia, hatuna hata sufuria ya maana, mkewe Bertilla alituletea unga wa ulezi wiki nzima mpaka nikaona aibu kumfungulia mlango.

Sasa nyie vijana mnahadithiwa habari za mwaka themanini na tatu mkadhani watu wazima tunatia chumvi. Duka la ushirika lilikuwa na muuzaji, na mizani, na rafu tupu. Tulifulia majivu. Sukari tuliionja msibani kwa wakubwa. Na wembe, jamani, wembe ulikuwa mali. Wanaume walinoa wembe mmoja ndani ya glasi miezi mitatu, wakapokezana, wengine wakaamua kuachia ndevu. Zahanati nayo ilikuwa haina kitu, mjamzito aliambiwa aje na wembe wake na uzi wake. Ndiyo maana ukawepo utaratibu ambao hakuna aliyeuandika: mwenye mzazi ndani akija kuomba wembe wa kukatia kitovu, hanyimwi. Chumvi unaweza kumnyima jirani, hata moto. Wembe ule hapana.

Mume wangu alikuwa na ugonjwa mmoja, alikuwa anaona aibu kufundisha kitu ambacho hajawaonyesha watu. Wenzake waliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili, wakakariri, wakafaulu, kila mtu akaenda kula. Yeye hakulala. Kulikuwa na somo la nuru inavyopita kwenye mwanya mwembamba. Kitabu kilisema nuru huenda moja kwa moja, halafu ukurasa wa mbele kikasema hapana, ukiipitisha kwenye mwanya mwembamba sana hupinda pembeni, ikajigawa mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Asajile aliwafundisha hivyo miaka minne, na miaka yote minne, alisema, aliyaona macho ya watoto yakimwambia wewe mzee muongo.

Basi likizo ya Pasaka akabeba madebe mawili ya maharage yetu, akadandia lori mpaka Kasesya, akavuka kwa mguu upande wa Zambia, akarudi na pakiti tano za wembe. Nyembe hamsini. Nilimuuliza kama anataka kufungua kinyozi. Akacheka, akasema kila mwanafunzi wa kidato cha nne atakuwa na mwanya wake mkononi, hakuna kuchungulia kwa zamu. Kisha akaacha kucheka, akanionya mtu asijue, maana kitu cha kuvuka mpaka bila kibali ni magendo, na magendo hayaulizwi yalikuwa ya kazi gani.

Wiki kadhaa, akitoka kazini, alikaa mezani karibu na dirisha la nyuma. Alichukua kipande cha boksi, akakipaka masizi ya koroboi mpaka kikawa cheusi tii, akatoboa kidirisha katikati. Wembe akaufunga kitambaa, akaukunja kwa urefu mpaka ukakatika vipande viwili. Vile vipande akavilaza juu ya kidirisha, makali yakitazamana, halafu katikati yake akaweka unywele. Unywele wangu! Alikuwa anautoa kwenye kitana changu, anaunyoosha kwa vidole, anausogezea makali pande zote mbili mpaka yaguse, anagandisha kwa utomvu, kisha anauvuta unywele taratibu unatoka. Panabaki mwanya wa upana wa unywele mmoja. Alitengeneza arobaini namna hiyo. Nyembe kumi zilibaki nzima kwenye karatasi zake, akiba.

Na katika nyembe zote hizo hakugusa hata mmoja kujinyolea. Ndevu zilimshuka mpaka kifuani, mkuu wa shule akawa anamtania kwa jina la padri. Nikamwambia ajisaidie na mmoja tu, aonekane binadamu. Akasema hizi ni za watoto.

Siku moja aliniita. “Mama Atusaye, njoo uangalie mshumaa humu.” Nilikuwa na Fanueli mgongoni, ugali uko motoni, Atusaye ananivuta kanga. Nikamjibu kwamba mishumaa nimeiona kabla sijamwona yeye. Akacheka, akageukia kazi yake. Ningepoteza nini? Dakika moja tu. Ningeangalia siku ile ningejua kile kitu ni nini, na pengine nisingefanya yote niliyokuja kuyafanya. Lakini mke wa mwalimu naye ana kiburi chake, anadhani vya shuleni ni vya shuleni.

Ikafika Jumamosi moja mwisho wa Mei, ulezi umeanza kuiva. Asajile alikuwa shamba la shule na wanafunzi. Mchana ule Felisiani akaja mlangoni, akavua kofia. Binti yake Agnesi ameshikwa na uchungu, mimba ya kwanza, zahanati ni mbali na mtoto haonyeshi kusubiri. Mkunga wa kijiji ameshafika. Uzi wanao.

“Mama Atusaye, naomba wembe,” akasema. “Hata uliotumika.”

Boksi la nyembe lilikuwa chini ya meza nyuma yangu, nimelifunika kitenge. Kisigino changu kilikuwa kinaligusa. Na mimi nikaona mambo mawili kwa pamoja. Nikamwona baba wa mzazi amesimama mlangoni kwangu, na nikamwona katibu wa tawi anaufungua wembe mpya, anasoma maandishi ya ng'ambo kwenye karatasi. Yule wa pili ndiye niliyemsikiliza.

Nikamwambia hatuna. Na kama kusema hatuna hakutoshi, nikaongeza. Nikamwambia, si unamwona Mwalimu mwenyewe alivyofuga ndevu, tungekuwa na wembe angekuwa vile? Ndevu za mume wangu, alizoziachia kwa uaminifu, nikazifanya shahidi wa uongo wangu. Felisiani akasema asante, mama. Asante ya nini? Akavaa kofia yake. Dirishani nikamwona anapita nyumba ya pili, ya tatu, anarudi kwake mikono mitupu.

Walikata kitovu kwa kisu cha kuvunia ulezi. Walikiosha kwa maji ya moto. Mtoto alikuwa wa kiume.

Asajile aliporudi nikamweleza, nikitegemea anisifu kwa kutunza siri. Alisimama. Sijawahi kumwona mtu yule akinyanyua mkono juu ya mtu, na siku ile hakunyanyua, lakini nilirudi nyuma mpaka ukutani.

“Nilisema mtu asijue,” akasema. “Sikusema mzazi anyimwe.”

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama anataka kutofautisha mtu na mzazi angeandika ubaoni. Tukalala tumepeana migongo. Alfajiri akachukua wembe mmoja mzima, kwenye karatasi yake vilevile, akaupeleka kwa Felisiani. Akarudi uso umepoa, akaniambia mzee ameupokea kwa mikono miwili, ameshukuru. Kwake yeye jambo likawa limekwisha. Loo, wanaume waliosoma! Wembe unaoletwa baada ya kitovu kukatwa si msaada hata kidogo. Ni kumwambia mtu jana tulikuwa nao.

Jumatano akafundisha somo lake. Wakaziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, wakawasha mshumaa mmoja mbele, kila mtoto na kiboksi chake cheusi jichoni. Nilisikia kelele mpaka nyumbani, nikadhani kuna nyoka darasani. Wameona. Mistari imetokea, mweupe katikati, mweusi pembeni, mweupe tena. Aliporudi na boksi lake, kwa kuwa maabara ilikuwa haina kufuli, alikuwa anatembea kama mtu aliyepewa ng'ombe. Wanafunzi nao wakaenda kuringa vijijini: Mwalimu ana nyembe, mpya, boksi zima, kila mtu alishika wake. Habari ikafika kwa Felisiani kabla jua halijazama.

Siku ya sita mtoto wa Agnesi akaacha kunyonya. Taya zikakaza. Siku ya saba mwili ukawa unapinda kila akiguswa, au mlango ukibamizwa. Akina mama mnaijua pepopunda, sina haja ya kuendelea. Siku ya nane tukamzika.

Nilikwenda msibani. Ningekaaje? Bertilla alinisogezea nafasi kwenye mkeka, ubavuni kwake, akanifunika miguu na kanga yake kwa sababu ya baridi. Hakuna aliyenisema, hakuna aliyenitupia jicho. Nililia kuliko wote, mpaka mama mmoja akanisifu kwamba Wanyakyusa tuna huruma. Agnesi alikuwa amekaa kwenye kona, maziwa yamelowesha blauzi yake mbele. Mpaka leo nikiona blauzi imelowa hivyo natoka mahali hapo.

Ndipo operesheni, iliyoanzia miji mikubwa, ikafika na kwetu. Radio ikasema walanguzi na wahujumu uchumi watafutwe kila nyumba. Mjini watu wakawa wanamwaga sukari mtoni, wanachoma vitenge uani, mtu anazika sabuni kama anazika ndugu. Aliyekuwa na katoni aliogopa, na aliyekuwa na vipande vitatu aliogopa zaidi, kwa sababu hakuwa na wa kumtetea. Nikamwambia Asajile atoe lile boksi ndani. Akasema ni vifaa vya kufundishia, mtu yeyote mwenye macho ataona ni vifaa vya kufundishia. Maskini mume wangu, aliwaamini sana watu wenye macho.

Jumatatu moja ya Juni, asubuhi, yeye yuko darasani, mke wa mwalimu mwenzake akapita mbio akisema mgambo wameshuka kwenye lori, wanakuja upande huu. Sikufikiri. Nikalivuta boksi, nikatoka mlango wa nyuma, nikaingia chooni. Nikatupa vile viboksi vyeusi kimoja kimoja, arobaini, maana tundu lilikuwa dogo. Nikatupa na nyembe nzima. Kazi ya wiki kadhaa, mianya iliyopimwa kwa nywele za kichwa changu, nikaisikia inafika chini. Nikanawa mikono. Nikawapokea na karibu.

Wale hawakuuliza sabuni wala sukari. Waliuliza nyembe ziko wapi. Nikawaambia nyembe zipi, nyumba hii haijawahi kuwa na wembe. Wakageuza magodoro, wakamwaga unga. Wakaondoka na karatasi tano tupu za pakiti zilizokuwa ndani ya kitabu cha mume wangu, alikuwa anawekea alama kurasa. Karatasi! Sikuzikumbuka. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wakampitia darasani, wakampeleka mjini na chaki mkononi, na hawakuturuhusu kuonana.

Wiki iliyofuata wakamrudisha tawini, kamati isikilize na iandike mapendekezo. Ofisi ilijaa. Mwenyekiti alikuwa mgeni, ametumwa, simjui jina na sikutaka kulijua. Asajile alikuwa amesimama na ndevu zake mpaka kifuani. Mtu anashtakiwa kwa kuficha nyembe na uso wake ni kichaka! Nikadhani mtu mwenye akili ataliona hilo, atacheka, tutarudi nyumbani. Mwenyekiti akaliona. Akasema amejificha nyuma ya ndevu ili asishukiwe.

Mkuu wa shule akasema shule haikuagiza nyembe na yeye hana taarifa. Alisema akitazama viatu vyake. Wanafunzi hawakuitwa. Kisha Felisiani akasimama, akatoa mfukoni kitu kimefungwa leso, akakifungua taratibu juu ya meza. Ni wembe ule. Ule aliopelekewa alfajiri kwa mikono miwili, bado uko kwenye karatasi yake, haujagusa kitu. Akasema huu nilipewa na Mwalimu mwenyewe. Na neno lile halikuwa la uongo.

Asajile akakubali. Akasema ndiyo, alinunua hamsini, zimetengenezwa mianya ya kuangalizia nuru, ziko arobaini nyumbani kwenye boksi, waende wakazione. Mwenyekiti akanigeukia. Mke wa mtuhumiwa aliwaambia mgambo hapajawahi kuwa na wembe, na hawakuukuta. Nani muongo kati yenu?

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Ningesema nimezitupa chooni kwa woga. Asajile akanitazama, nikaona anaelewa, akawaambia wao kabla yangu: kama hazipo nyumbani basi zimo chooni, mke wangu aliogopa, chimbueni mtazikuta. Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza kama serikali imefikia kuchimbua kinyesi cha walanguzi. Halafu akanikazia macho, akanikumbusha kwamba anayemficha mhujumu ni mhujumu mwenzake, akaniuliza watoto ambao baba na mama wote wako ndani hulelewa na nani. Fanueli alikuwa ananyonya wakati ule, yuko kifuani kwangu. Nikasema sijui habari za nyembe.

Asajile akawageukia wajumbe. Akaomba apewe ule wembe mmoja uliopo mezani, aukate, awatengenezee mwanya palepale. Wakakataa, mtuhumiwa hapewi kitu chenye makali. Nikaona anafikiri, kama alivyokuwa anafikiri mezani. Akainua mkono wake wa kulia.

“Ndugu wajumbe, hata vidole vinatosha,” akasema. “Kiwekeni cha kwanza na cha pili karibu na jicho, mbaki na mwanya mwembamba kabisa, mtazame dirishani kwenye mwanga. Mtaona mistari myeusi katikati ya mwanya. Hakuna kitu pale, lakini mistari ipo. Mkibana zaidi, mtaona zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya nyembe zangu.”

Dirisha lilikuwa wazi, anga jeupe la Juni, upepo unapiga. Hakuna mjumbe aliyenyanyua mkono. Waliona haya, mtu mzima kuchungulia vidole kama mtoto. Mwenyekiti akatabasamu, akamwambia Felisiani atazame kwa niaba yao, kwa kuwa ni katibu wa hapa na anamjua jirani yake.

Felisiani akanyanyua vidole vyake, vikubwa vya mkulima, vimepasuka. Akavisogeza jichoni. Mimi nilikuwa namtazama. Alivibana, akavifungua kidogo, akavibana tena. Akarudi nyuma hatua moja. Mtu asiyeona kitu hafanyi vile, mtu asiyeona kitu anashusha mkono mara moja. Alikaa na vidole jichoni muda wa kusali Salamu Maria nzima. Kisha akashusha mkono, akaufuta kwenye suruali.

“Sioni kitu,” akasema.

Mimi nilikuwa nimeshanyanyua vyangu. Sijui nilivinyanyua saa ngapi. Fanueli yuko kifuani, na mimi nachungulia katikati ya vidole vyangu kwa mara ya kwanza, na jamani, ilikuwepo. Mistari myeusi, myembamba, imesimama wima mahali ambapo hapakuwa na kitu ila nuru. Nikabana. Ikawa wazi zaidi. Nikajua kwa mara ya kwanza ni nini alichokuwa anakitengeneza na nywele zangu, nikataka kucheka, nikataka kupiga kelele.

Mwenyekiti akaniona. Akauliza, haya, mama, na wewe unaona nini?

Nilimwangalia Felisiani. Hakuwa ananitazama kwa chuki. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri kujua jirani yake ni mtu gani, na nadhani alishajua tangu ile Jumamosi. Kama ningesema naona, ningekuwa nimesema pia kwamba nyembe zilikuwepo, na kwamba zilikuwepo siku ile mlangoni, kisigino changu kikizigusa. Mbele ya Bertilla. Mbele ya watoto wangu wawili. Nikashusha vidole.

“Mimi sioni kitu,” nikasema.

Asajile aliushusha mkono wake naye, taratibu, na yule mgambo akamshika begani ingawa hakuwa anakwenda popote.

Alikaa ndani miezi kumi na minne. Ualimu ukafutwa. Nyumba tukanyang'anywa siku ya tatu, nikapanga chumba Sumbawanga mjini, nikawa nauza maharage sokoni kwa kopo. Nilikuwa nikimpelekea chakula, na alikuwa akila, akiuliza habari za watoto, na hakuwahi kuniuliza habari ya siku ile. Ningeshukuru kama angenipiga. Kunyamaziwa na mtu mpole ni adhabu ambayo haina siku ya kutoka.

Alipotoka tulifunga mizigo turudi kwetu. Lori la Mbeya lilikuwa linapakia mahindi pembeni ya soko, sisi tumeshapanda juu ya magunia, Asajile kaegemea ubao, amenyolewa kichwa na ndevu, uso mdogo kama wa mtu mwingine. Nikamwona Felisiani anakuja na kimfuko cha unga wa ulezi. Alikuwa ametembea kutoka kijijini. Akasimama chini ya lori, akavua kofia, akaninyooshea ule unga, wa njiani. Ndivyo wanavyofanya Wafipa, mtu hasafiri bila unga. Niliupokea kwa mikono miwili.

Hakuondoka. Akasimama anazungusha kofia yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, akinitazama mimi, hakumtazama mume wangu:

“Mama Atusaye, mimi niliona mistari mitatu.”

Nilitaka kumtukana. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, ya Kiswahili na ya Kinyakyusa. Miezi kumi na minne, wewe mzee! Lakini yalipofika kwenye meno hayakupata pa kutokea, kwa sababu kila neno nililotaka kumtupia lilikuwa langu.

“Mimi niliona mitano,” nikamwambia.

Dereva akawasha gari. Nilidhani Asajile hakusikia, kwa vile alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. Akainama juu ya ubao wa lori kumwelekea Felisiani, kama alivyokuwa akiinama juu ya daftari la mwanafunzi.

“Mlipobana vidole zaidi,” akauliza, “ile mistari ilikaribiana au iliachana?”

Felisiani akanyanyua vidole vyake viwili, akavitazama, akavishusha.

“Iliachana, Mwalimu.”

Mume wangu akanigeukia, akingoja jibu langu. Nikamwambia iliachana.

“Sahihi,” akasema, akaegemea tena ubao. Lori likaondoka, likashika njia ya Tunduma.